Maziwa ya Bi Mwanamvua

Ilikuwa enzi ya Waarabu wa Omani kuwang'oa Wareno katika miji ya pwani. Ngome ya Mtangeni ilianguka baada ya kuzingirwa miezi kumi na minne, na Mreno mmoja tu, Duarte, alitoka humo akiwa hai.

Liwali Humudi aliamuru akatwe kichwa uwanjani, mchana kweupe. Kazi hiyo akampa Seif bin Ghasani, mkuu wa mizinga, ambaye baba yake aliuawa na Wareno. Hakuna aliyeuliza Duarte kafanya nini. Mreno ni Mreno, basi.

Seif alichomoa upanga. Miaka ishirini alikuwa akiingoja siku hiyo.

"Seif! Ole wako! Huyo ni nduguyo!"

Alikuwa mama yake, Bi Mwanamvua, akiwasukuma askari kwa viwiko.

"Mama, rudi nyumbani."

"Sirudi ng'o! Mwaka wa sulhu, tulipopatana na Wareno, mamake huyu alifia uzazini. Baba yako mwenyewe aliniletea kitoto hiki. Titi la kulia lako, la kushoto lake, miezi minane. Baba yako alipouawa nilinyamaza kwa uchungu. Leo sinyamazi!" Akamgeukia Duarte. "Nawe ulikuwa ukiniuma, mtundu wee!"

Duarte akainua uso. "Mama Mvua? Baba alinitajia jina lako mpaka anakufa."

Kadhi akakohoa. "Kwa sheria, walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu."

"Ndugu gani!" Liwali alifoka. "Uadui huu tumeachiwa na wazee wetu. Kata!"

 Seif akautupa upanga miguuni pa Liwali.

"Wazee wetu walituachia na maziwa, Liwali. Mbona hayo mlituficha? Aliyemwua baba yangu namtaka hata leo. Huyu alikuwa mtoto kama mimi. Simkati!"

Alivuliwa kilemba na jambia, akafukuzwa mji papo hapo; Duarte akaponea kwa neno la kadhi, akafukuzwa pamoja naye. Tarehe ya Mtangeni, kitabu cha habari za mji, imeandika mstari mmoja tu: Seif bin Ghasani, msaliti. Msaliti, ati! Aliyeandika hayo maziwa hakuyataja hata kidogo.

Walitoka watatu, wakizomewa. Langoni miguu ya bibi ilikataa. Duarte akainama, akambeba mgongoni, naye Seif akashika fimbo ya mamake. Bi Mwanamvua akageuza shingo kuutazama mji.

"Nina wana wawili!" akapiga ukelele. "Mwenye la kusema na aje!"

Hakuna aliyekuja.