Kilima Kilichonyamazishwa

Redio ya mkononi ilikatika, Mkuu wake akiwa katikati ya neno.

Kengewa hakuitazama. Macho yake yalikuwa kwenye lori la bluu alilolifuata tangu ng'ambo ya mpaka. Land Cruiser ya dizeli ilinguruma. Karibu na kilima hiki gari la petroli haliruhusiwi. Plagi zake huyapigia kelele madishi ya wanasayansi yanayosikiliza nyota kileleni.

Lori lilipita kizuizini kama linaingia uani kwao.

Askari alikaa kando ya mashine ya eksirei ya kukagua mizigo, iliyozimwa. Simu za kikosi kizima zilikuwa kwenye sanduku la bati, kufuli juu. Amri ya kilimani, alisema. Nyota imelipuka, kila chenye umeme kizimwe, hata mnara wa redio, Dokta wa madishi asikilize.

Kengewa alilifikia lori kwenye kona. Bastola yake ya Glock ilikohoa mara moja. Tairi likapasuka, lori likalala mtaroni.

Akafunua turubai, harufu ikampiga usoni. Dawa za maji za watoto, maboksi kwa maboksi, zimechacha. Tarehe zimesuguliwa kwa msasa, mpya zimegongwa juu yake. Chupa moja ilikuwa imeota ukungu ndani.

Alitema mate. 

Dereva, pingu mkononi, alieleza kwamba huwa hawavuki hadi wapigiwe simu kuwa mashine imelala. Anayepiga hamjui. Sauti tu.

Kengewa alimwacha kwa askari, akapanda kilimani ilikotoka amri.

Dokta alikuwa mwanamke wa makamo, sweta limetoboka kiwikoni, macho mekundu. Jioni ile ile angewatangazia wanasayansi wenzake wa nchi za nje kuwa utafiti wake wa maisha yote ulikuwa makosa.

"Nyota kubwa ikifa hutoa mmweko wa miale ya gama," alisema. "Sekunde chache, basi; satelaiti huuona, hututumia onyo. Lakini hubaki mwako, kama kaa chini ya majivu, na madishi yangu huusikia kwa wiki nyingi. Maonyo ya mwaka huu yamekuja, mwako hakuna. Vyombo vizima. Basi mbovu ni mimi."

"Nani kasema?"

"Mume wangu. Anasema nimechoka, nikae nilee wajukuu."

Mume ndiye fundi mitambo. Maonyo yote hupitia kwake kwanza. Hata wenzake Dokta wa nje waliposema hawakupata onyo lolote, mume alimwambia satelaiti ni mpya, wao hawajaunganishwa. Akaamini. Nani humkagua mumewe?

Kengewa alionyesha kwenye skrini mstari uliosimama kama mwiba. "Na hiki?"

"Takataka. Simu ya mtu. Huja kila onyo likija. Nimewagombeza askari wale, wanakana."

"Za askari ziko sandukuni, nimeziona. Yangu nimezima. Ila dereva wa magendo kapigiwa."

Dokta aliutazama ule mwiba.

"Juu huku tuko wawili tu, mimi na mume wangu," alisema. "Na maonyo huniletea yeye. Kumbe ya uongo."

Walimkuta mume chumba cha mitambo, anamenya yai la kuchemsha. Simu ya satelaiti ilikuwa kando ya maganda. Hakushtuka. Alimkaribisha Kengewa kiti, akaeleza kwa upole kuwa dawa ni dawa, haiozi kama nyama, na maskini hushukuru chochote. Kiini cha yai kilimganda mdomoni.

Dokta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wajukuu wanakohoa wiki nzima," alisema. "Uliwapa dawa gani?"

"Wale?" Mume alionekana kuumia. "Wale niliwanunulia nzima, mama. Mimi si mnyama."



Mkono wa mume uliteleza kwenye droo. Kengewa aliipiga teke, ikajifunga na vidole ndani. Alipoifungua aliokota bastola ndogo ya Browning yenye madoa ya kiini cha yai. Aliishika kwa leso, akamfunga mume pingu.

Dokta alipiga simu ya waya kizuizini, akafuta amri, mnara uwashwe. Kengewa akawasha redio.

"Kengewa, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu. Mzigo upo. Mpigaji ninaye."

Kengele ya onyo ikalia.

Wote wawili walimtazama mume. Mikono yake ilikuwa kwenye pingu.

Dokta alinyanyua simu ya waya, akawapigia wenzake wa nje. Alisikiliza. Mabega yaliyokuwa yameanguka yakapanda taratibu.

"Na wao wamelipata onyo," alisema. "Hili ni la kweli." Kisha, bila kugeuka: "Kaka, zima redio yako."

"Kengewa, rudia, nani hasa ame—"

Kengewa alizima.

Nje, madishi yalikuwa yameanza kugeuka, yote kwa pamoja. Kengewa alimsukuma mume mbele yake, akateremka kwa miguu, akijipangusa mikono kwa majani njia nzima.