Uzito Mgongoni mwa Laban

Harufu ya udi ilianza mchana, katika chumba kilichozoea kunuka soksi na kitunguu tu.

Laban alilala mchana, kwa kuwa usiku alilinda jengo moja huko Lusail, mji wa Kiarabu alikokwenda kutafuta kazi. Chumba chao cha Industrial Area, mtaa wa mabweni ya wafanyakazi wageni, kilikuwa cha wanaume sita, na kila mmoja alikuwa amekizungushia kitanda chake shuka. Sheria ilikuwa moja: hufungui shuka ya mtu. Unagonga chuma cha kitanda, unangoja uambiwe karibu.

Nyuma ya shuka yake Laban alikuwa na simu, na ndani ya simu picha za mchoraji mmoja wa Kijapani. Wanawake wamekalia migongo ya wanaume kama viti. Wino mweusi, mstari usiotetemeka kutoka bega hadi kisigino. Alipenda ufundi, alijiambia. Lakini alichokitazama zaidi ni nyuso za wale wanaume walioinama, zilivyotulia. Kisha alikuwa akizima simu na kugeukia ukuta, uso ukimwaka.

Siku ile mtu aligonga. Kucha, si vidole. Ta, ta, ta.

"Karibu," alisema kwa usingizi, akidhani ni Shaun, mwenzake wa chumba.

Shuka haikufunguka. Ila udi ulizidi, godoro likabonyea, na kitu kizito, cha baridi, kikamkalia mgongoni polepole, kama mtu anayekalia kiti chake mwenyewe, kikatulia hapo mpaka adhana ya alasiri, na muda wote huo Laban hakupiga kelele, hakuweza, au ndivyo alivyojiambia.

Ikawa hivyo kila mchana. Akakonda. Akaanza kutembea ameinama.

"Shemeji, umekuwa mzee?" Shaun alimtania. Alikuwa kaka yake Nafula, mchumba wa Laban. "Dada yangu atasema nimemtafutia babu."

Laban alipovua shati, kicheko kilikatika. Mgongo ulikuwa na weusi wa damu iliyovilia, madoa mawili mapana, kama ya mapaja.

"Laban. Hii ni nini?"

"Nilianguka ngazini."

Shaun hakuamini. Ijumaa, siku yao ya mapumziko, alimwita Ustadhi Kigozi, dereva Mganda wa chumba cha jirani. Ustadhi alisoma dua, akanyunyiza maji. Udi ukajaa mpaka wote wakakohoa.

"Ni mwanamke," alinong'ona. "Anasema alikaribishwa. Hatatoka mpaka aliyemkaribisha aseme mbele yetu alichokitaka kwake, kisha amfukuze mwenyewe."

"Sema, shemeji," Shaun alisema chini chini. "Ni sisi tu. Nafula hatajua."

Laban alitoa simu badala ya maneno. Akaifungua, akampa Shaun.

Shaun alitazama picha moja. Ya pili. Ya tatu hakuimaliza; aliilaza simu kifudifudi juu ya godoro na kuangalia pembeni. Hakuna aliyecheka. Laban alitamani wangecheka.

"Sasa mfukuze," Ustadhi alisema.

"Toka."

Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, machozi yakimtiririka, na kila mtu alimsikia. Lakini kila mtu pia aliona magoti yake yakikunjika, viganja vyake vikishika sakafu, na ule mgongo uliojaa maumivu ukinyooka taratibu, ukitafuta usawa, ili aliyekaa juu yake asije akateleza.