Mpinzani wa Baba

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia na wenzake kutimua mbio uwanjani, Chiriku alijikokota hadi chumba cha kompyuta. Jina hilo alibandikwa na baba yake kwa sababu ya domo lake lisilopoa. Lakini wiki tatu hizi domo lenyewe lilikuwa limepoa. Macho yalimwuma, shingo ilimkaza, na mwalimu wa kompyuta alikuwa ameanza kumwuliza kama anakula vizuri.

Yote haya yalikuwa kwa ajili ya baba. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akateleza kwenye ngazi na kuvunjika mguu. Tangu hapo alishinda nyumbani peke yake, mguu kwenye plasta, mama akiwa kazini na binti shuleni. Wenzake wa karakana, waliozoea kucheza naye drafti kila mapumziko ya mchana, walikuja wiki ya kwanza, wakapungua ya pili, kisha wakawa watu wa kutuma salamu tu. Siku moja Chiriku alimkuta amepanga kete mezani, anazitazama. Moyo ukamwuma.

"Baba, nitakutengenezea mpinzani," akasema. "Nipe wiki tatu tu."

Alijua anachokisema. Katika klabu ya kompyuta walikuwa wanajifunza kufuga wachezaji. Ndani ya mashine waliwekwa wachezaji arobaini, kila mmoja na ubongo mdogo wa nambari zilizounganishwa kama mtandao. Hawakufundishwa chochote ila sheria za mchezo. Walipambanishwa wao kwa wao na kupewa alama. Kumi bora walibaki, thelathini wakafutwa, na nafasi zao zikajazwa na nakala za wale bora, nambari zikiwa zimebadilishwa kidogo hapa na pale. Hicho kikawa kizazi kipya, na mapambano yakaanza upya. Kompyuta ilikuwa kuukuu. Vizazi ishirini tu vilikula alasiri nzima, feni ikikoroma.

Alhamisi ya mwisho alicheza na bingwa wa kizazi cha mia tatu. Bingwa alipata kingi mmoja, akajichimbia pembeni, akawa anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Hashambulii, hatafuti ushindi. Chiriku alitamani kulia, ila hata nguvu za kulia hakuwa nazo.

Kumwambia baba "bado" kulimshinda. Akatoa daftari alimokuwa ameandika michezo ya baba kule karakana siku za likizo, akaiingiza kwenye programu hatua kwa hatua: ubao ukiwa hivi, cheza hivi. Kazi ya saa mbili, basi.

Ijumaa mwalimu alimruhusu kuondoka na kompyuta mpakato ya klabu. Baba hakupenda kuchezea kwenye skrini, macho yake yalikwisha kuchoshwa na moto wa kuchomelea, kwa hiyo Chiriku alisoma hatua za mashine na kumsogezea kete kwenye ubao.

"Na huyu kajifundisha mwenyewe?" baba akauliza, uso umekunjuka.

"Mwenyewe, baba."

Walicheza michezo miwili. Katikati ya wa tatu baba aliacha kucheza, akajiegemeza kitini.

"Anasukuma kete za kushoto, halafu anaacha nyuma wazi," alisema polepole. "Mwenye ugonjwa huo namjua. Ni mimi."

Chiriku aliinama.

"Mwanangu, siku nzima humu ndani niko na mimi mwenyewe. Jioni unaniletea mimi tena?"

Hapo binti akaangua kilio, na maneno yote yakamtoka: wiki tatu, kingi wa pembeni, daftari, uchovu. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Hakumgombeza, na hilo lilimchoma zaidi.

Jumatatu Chiriku alimweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu alivuta kiti, akasoma programu, kisha akagusa mstari mmoja kwa kidole.

"Alama hizi ulizipangaje?"

"Kushinda, alama tatu. Na alama moja kwa kila hatua ambayo mchezaji hajashindwa."

"Basi anayezungukazunguka hatua mia anapata ngapi?"

Chiriku alijishika kichwa. "Mia, mwalimu. Kumbe mimi ndiye niliyemfundisha uvivu!"

"Mashine ilikutii, tena vizuri. Futa mstari huo, uanze kizazi cha kwanza. Na safari hii ukikwama, njoo useme."

Kuanza upya kulimchosha kuliko mwanzo. Kila jioni baba aliuliza, "Vipi mgeni wangu?" na kila jioni Chiriku akajibu ukweli: "Leo bado, baba. Hata mimi namfunga." Wiki nne zilipita hivyo.

Ijumaa ya wiki ya nne akafungua tena kompyuta mezani. Mpinzani alicheza ovyo ovyo, au ndivyo ilivyoonekana. Alitoa kete moja bure, kisha ya pili. Baba akazila huku akicheka. Mara hatua moja ikafagia kete zake tatu kwa mpigo.

"He! Nani kamfundisha hii?"

"Hakuna, baba. Hata mimi sijui kaiwazaje."

Baba alishindwa. Alimshika binti yake bega.

"Sikiliza, Chiriku. Mwezi mzima umeniambia bado, na mimi nimesubiri bila shida. Kusubiri naweza. Nisichoweza ni kukaa na mtu nisiyejua kama neno lake ni la kweli. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hapo ndipo mtu anaweza kukusaidia."

"Nimesikia, baba."

"Haya, panga kete. Na huyo mwenzako mwambie amenikasirisha, sitoki hapa mpaka nimfunge."