Mzigo wa Francisca

Sanduku lilipopimwa Jumatatu lilikuwa na kilo kumi na nane. Anatoli, kaka yake Iteka, alilitundika mwenyewe kwenye mizani ya kahawa pale barazani akasoma kwa sauti, naye Iteka akaandika daftarini, maana ndege isingepokea zaidi ya ishirini na tatu. Jumanne asubuhi, hakuna aliyeongeza hata leso, mizani ikasoma ishirini na moja.

"Mizani imezeeka," Anatoli alisema, akageuka kutazama migomba.

Iteka alikuwa mwaka wa nne wa usanifu majengo. Chuo kilimchagua kwenda Japani miezi mitatu kutafiti nyumba za kale zilizoezekwa kwa nyasi, naye alirudi nyumbani Kanazi kwa wiki moja kuaga na kupima msonge wa marehemu bibi yake, apate michoro ya kwao ya kulinganisha na ya huko. Kutwa alikuwa ndani ya ile nyumba ya duara, tepu mkononi, akihesabu fito na kuchora.

Nyumbani kulikuwa na furaha asiyoizoea. Kwa miaka tisa mama yake, Francisca, aliteswa na kitu ambacho padri alikiombea kikagoma na hospitali ikakitafuta isikione. Kila alasiri kilimpanda. Alisema kwa sauti nzito ya kiume, akavunja vyungu, kisha akalala sakafuni akitoka jasho lenye harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Wiki hii hakikuja. Mama alipika ndizi na maharage, aliimba nyimbo za kwaya, na nguo za safari alizikunja kwa mikono yake, akizilaza sandukuni moja moja.

"Mama, umepona," Iteka alimwambia.

"Ni furaha yako, mwana wanje, mwanangu," mama alijibu bila kuinua macho.

Jumatano mizani ilisoma ishirini na sita. Iteka akatoa vitabu viwili, koti na viatu, mshale haukuteremka. Saa tisa alasiri alirudi chumbani kuchukua penseli, na alipokuwa akiinama mezani pua yake ikakutana na harufu ya majivu mabichi, akadhani mama amepandwa tena, lakini mama alikuwa uani akicheka na jirani, na harufu haikutoka uani bali chini ya kitanda, kwenye sanduku lililofungwa zipu, ambalo kifuniko chake kilikuwa kikipanda na kushuka taratibu, kikipanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mzito baada ya kazi.

Hakupiga kelele. Alitoka kinyumenyume, akakaa ndani ya msonge mpaka jua likazama, wala hakumwambia mtu.

Alhamisi akaja mgeni, mzee Mhoja, Msukuma aliyehamia Nyabusozi kule Biharamulo, mganga ambaye Iteka hakuwahi kumwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyejitolea?"

"Kujitolea nini?"

Mzee alimgeukia mama. "Mama Anatoli, uliniambia binti amekubali."

"Alikubali," mama alisema kwa sauti ndogo. "Siku aliyofika nilimwuliza, utanibebea mzigo wangu? Akasema, nitakubebea, mama."

Ni kweli alisema. Alidhani ni kahawa ya kuwapelekea wenyeji wake Japani.

"Kitu hiki hakifi," Mhoja akamweleza Iteka, akinong'ona kama anayeogopa kusikiwa. "Huhamishwa tu, na mama yako amekikunjia ndani ya nguo zako kama nilivyomwelekeza. Kikivushwa maji makubwa hakijui njia ya kurudi. Lakini anayekibeba lazima ajue anachokibeba, na aseme kwa kinywa chake; hata kukiitikia tu ni kukikubali. Mimi sikutumwa kumwibia mtu maisha."

Iteka akamtazama kaka yake. "Ulijua?"

"Sisi ndio tuliobaki nacho," Anatoli alisema. "Wewe ulikuwa shule."

"Wewe ni msomi," mama akadakia. "Huko kuna madaktari wakubwa. Mimi nimechoka, Iteka. Nenda nacho."

Woga ulikuwepo, lakini si huo uliomuuma. Zilikuwa zile nguo. Alimwona mama akilainisha kola ya blauzi kwa kiganja, akiimba, akijua.

"Ungeniambia ukweli, mama," alisema, "huenda ningekubali."



"Naweza kukitoa sandukuni," Mhoja alisema. "Kitarudi kilikotoka. Neno ni lako."

Mama akamshika mkono. Iteka akautoa ule mkono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kirudishe, mzee."

Wakalitoa sanduku uani, juani. Mhoja alinyunyiza maji na unga wa mtama, akapunga usinga, akasema maneno ya Kisukuma, kisha akafungua zipu, na zile nguo zilizokunjwa vizuri zikaanza kuvimba, blauzi ikajaa mabega yasiyoonekana, sketi ikajaa magoti, zikainuka zikakaa kama mtu anayeamshwa kabla hajashiba usingizi, na migomba yote ikawa kimya bila jani kutikisika, na kitu kikavuka uwanja kuelekea barazani kikiacha nyayo zenye unyevu juu ya vumbi, moja, nyingine, nyingine, huku mama akikumbatia nguzo na kusema jina la binti yake, akilirudia, mpaka nyayo zikamfikia naye akanyamaza katikati ya jina.

Nguo zikaanguka.

Iteka hakuzigusa. Aliingia ndani, akachukua pasipoti na bomba la michoro yake, akavaa viatu. Angelala mjini, kesho apande basi la Mwanza. Alipotoka, mama alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anatabasamu. Anatoli alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja.

Kwa desturi, mtoto hasafiri bila neno la mzazi. Iteka akasimama mbele yake, akangoja, maana hata sasa alitaka lile neno.

"Shikamoo, Iteka," sauti nzito ya kiume ikasema, kwa adabu.

"Marahaba," akaitika. Mdomo ulitangulia akili.

Mhoja, aliyekuwa akifunga mkoba wake, akaacha mikono hewani.

"Binti yangu," alisema taratibu, "kwa nini umeitika?"