Hatua ya Pili ya Kadi ya Miti

Kila Jumamosi, uwanja ukishafagiwa, wavulana wa bweni katika shule moja karibu na Gongo la Mboto walitumwa porini kukata miswaki ya wiki nzima. Jumamosi moja ya mwaka 1954 zamu ilimwangukia Projestus, kijana wa Bukoba, mheshimiwa sana katika fani ya mizaha. Juzi tu aliwatangazia wenzake, kwa uso wa msiba, kwamba uji una mjusi. Walipoumwaga, yeye akanywa wake taratibu.

Alifuatana na Zahor, mwenzake wa bweni, aliyebeba kadi ya Mwalimu Theonest. Kadi hiyo iliuliza maswali kuhusu mti, na kila jibu lilikupeleka kwenye swali linalofuata, hadi ulijue jina lake.

"Hatua ya kwanza," alisoma Zahor mbele ya kichaka. "Je, majani yamekaa mawili mawili, yakitazamana?"

"Yanatazamana kama maharusi. Mswaki huu! Lete panga."

"Ngoja, bwana. Mie kwetu twauza vijiti dukani, mti wenyewe sijawahi kuuona. Hatua ya pili: kwangua ganda..."

"Hatua ya pili ni ya wazee wasioona vizuri," alisema Projestus, akaanza kukata.

Waligawa vijiti bwenini. Projestus akaenda bombani kuosha panga, na hapo mzaha ukamwisha. Kwenye makali palikuwa na utomvu mweupe, umeganda, unanata. Alimpokonya kadi Zahor, aliyekuwa kando yake akinawa, akasoma: "Kwangua ganda. Utomvu mweupe ukitoka, si mswaki. Usiutie mdomoni, huenda ni mti wa sumu ya mishale."

Akamkumbuka Jaffar, mmoja wa wenzao waliogawiwa vijiti. Jaffar hakusali alasiri kamwe bila kupiga mswaki kwanza, na alasiri ilikuwa imefika.

Alikimbia hadi akapoteza kiatu kimoja. Jaffar alikuwa kizingitini, kijiti kimekaribia meno.

"Usitafune! Sumu!"

Bweni likaangua kicheko. "Leo mjusi kahamia kwenye mswaki?" aliuliza Jaffar.

"Haki ya Mungu, Jaffar!"

"Hata juzi uliapa."

Kweli aliapa. Projestus angeweza kumpokonya Jaffar kijiti kile, lakini vingine vilikuwa mikononi mwa bweni zima. Akamnyooshea kadi.

"Basi usiniamini mie. Soma hatua ya pili, ufanye mwenyewe."

Jaffar akasoma kwa dharau, akakwangua ganda kwa ukucha. Tone jeupe likachomoza. Kicheko kikakatika. Wengine nao wakakwangua vyao, kisha vijiti vikaanguka sakafuni kama vimeshika moto.

Mwalimu Theonest alifika akifuata kelele.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi. Niliruka hatua."

"Marahaba." Wavulana walipomsimulia yote, hata ya mjusi, Mwalimu aliamuru kila mtu anawe kwa sabuni na vijiti vyote vifukiwe. Kisha akamgeukia Projestus.

"Umesema kabla sijauliza, na hilo nimelisikia. Lakini uliwadanganya wenzako juzi, ndiyo maana leo nusura Jaffar afe akicheka. Na wewe mwenyewe ulijidanganya kwamba jibu la kwanza likikupendeza, maswali yamekwisha. Kazi inayogusa vinywa vya watu hufanywa yote, hata ile sehemu inayokuchosha. Sasa rudi porini. Watu wanahitaji miswaki."

Jaffar alikuwa ameshasimama. "Mwalimu, naomba niende naye baada ya sala. Leo nitakwangua mwenyewe."