Nafasi Kwenye Boriti

Siku ya soko mjini Celle, watu wamebanana kati ya meza za jibini na maua, Henning alirudi kinyumenyume akitazama nyumba yake ya wageni, akamkanyaga mtu.

"Kaka, mguu huo ni wangu."

Msichana alivaa suruali pana ya kodroi nyeusi, kizibao cha vifungo vinane, kofia pana na hereni moja ya dhahabu. Alikuwa seremala msafiri, na desturi ya kazi yao ni hii: miaka mitatu na siku moja barabarani, bila simu, bila kukanyaga kwao, wala kukaa mji mmoja zaidi ya miezi mitatu.

"Samahani. Naangalia boriti yangu. Imeoza."

"Naiona. Na hizo sura zilizochongwa juu yake zinakucheka."

Msichana huyo, Thekla, alipata kazi siku hiyohiyo. Nyumba hiyo ya wageni, Dubu wa Dhahabu, ilikuwa na miaka mia nne na ushee, nakshi kila ghorofa. Kwa wiki kumi alichonga boriti mpya ya mwaloni, naye Henning akimpandishia kahawa jukwaani, kahawa nyingi kupita kiu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hata mpishi alijua.

Mji ule, boriti ya mbele huandikwa majina ya mume na mke wenye nyumba.

"Niandike nini, bosi?"

"Henning Dreyer. Halafu acha nafasi ya mke."

Alisema akitazama viatu vyake, masikio yamemwiva kwa haya. Thekla hakuyaona masikio. Alisikia neno mke tu. Kumbe ana mtu wake. Moyo ulimuuma. Akamaliza jina, akafagia vumbi, na miezi mitatu ilipotimia akaondoka alfajiri bila kuaga.

Utampigiaje asiye na simu? Henning alingoja majira yote ya baridi. Mwezi wa Machi simu ya mapokezi ikalia.

"Dubu wa Dhahabu, karibu."

"Ni mimi. Nimeazima simu ya mwoka mikate. Boriti haijapasuka?"

"Boriti nzima. Niliyepasuka ni mimi."

"Na mkeo, ameshaandikwa?"

"Mke gani? Thekla, ile nafasi ni yako. Niliogopa kusema."

"Ee Mungu. Na mimi nimekutukana kila njia panda."

"Nitukane tu, mpenzi, ila urudi."

"Safari yangu inaisha tarehe tatu Juni. Njoo kwetu, nyuma ya Hildesheim, unisubiri kwenye kibao cha jina la kijiji."

Siku hiyo ilipofika, Thekla alikipanda kibao ili avuke kuingia kwao, kama ilivyo desturi ya maseremala warudio, wasafiri wenzake wakimsukuma kwa chini. Upande wa pili alisimama mama yake, na kando yake Henning, shati jeupe limepigwa pasi, patasi mkononi. Aliitupa nyasini akamdaka Thekla. Wakaanguka wote wawili.

"Ndiye huyu aliyeshindwa kusema?" mama, aliyepata habari zote kwa barua, akauliza.

"Leo nasema," Henning alijibu, akaiokota patasi akampa Thekla. "Nafasi bado ipo. Utaandika jina lako?"

Thekla aliujaribu ukali wa patasi kwa dole gumba.

"Butu kama ulimi wako," alisema. "Mama, lete jiwe la kunolea. Jina langu siliandiki kwa chuma butu."