Ramani Isiyo na Itaka

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umetanda Mlowo, na malori yalipita barabarani yamewasha taa. Elina, jirani yetu anayetunza nyaraka za zamani katika maktaba ndogo nyuma ya soko la mazao, alifungua sanduku la mbao lililoletwa na Mama Enesi wa Itaka. Mchwa walikuwa wameanza kulitafuna, na mama huyo alitaka karatasi za marehemu mumewe zipone, ila kisitolewe kitu.

Mume huyo, Abrahamu, alikuwa dereva wa malori yaendayo Kongo. Hakutupa kitu. Kulikuwa na tiketi, stika za mpakani, risiti za gesti, kadi za picha kutoka Lubumbashi, ramani ya barabara iliyochoka mikunjo, na kitabu kinene cha mwongozo wa wasafiri kisicho na jalada. Kitabu hicho kilijaa udongo mwekundu kila ukurasa.

Elina alifanya kama alivyofundishwa: vumbi kwanza, mengine baadaye. Akashika brashi laini, akapangusa kutoka kwenye mshono kwenda ukingoni, taratibu.

"Dada, hicho ni kitabu au shamba?" Zabron, mlinzi, akamtania kutoka mlangoni. "Si upande mahindi kabisa!"

Elina akacheka. Akakusanya udongo kwenye gazeti, akaukung'uta nje, kwenye mtaro wa barabara.

Mchana, Zabron alipokwenda kula, chumba kilinuka dizeli. Elina akainua macho. Mwanamume alikuwa amesimama mbele ya meza, nguo zake zimejaa vumbi jekundu, ingawa nje manyunyu hayajakatika.

"Hapa ni wapi?" alinong'ona.

"Mlowo, baba."

Akainamia ramani iliyotandazwa mezani. Akaitazama sana, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Elina akageuka kumvutia kiti. Alipogeuka tena, hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu.

Kesho yake Mama Enesi akaja kuangalia kazi.

"Mama, kitabu sasa kisafi," Elina akamwambia.

"Na udongo?"

"Nimeumwaga."

Mama Enesi akakaa chini, pale pale sakafuni. Akaeleza kwa sauti ndogo. Abrahamu alifia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, madereva wenzake wakamzika huko huko, wakamletea mkewe udongo wa kaburi ili azikwe nyumbani. Kaka za marehemu wakakataa. Hawaziki mtu wasiyemwona. Basi mama akaulaza udongo ndani ya kitabu ambacho mumewe hakusafiri bila kuwa nacho.

"Nilikwambia usitoe kitu."

"Nilidhani unasema karatasi, mama."

"Umemwamsha, mwanangu. Na nyumbani hapajui tena."

Elina akakimbilia mtaroni. Mvua ilishaubeba wote.

Aliporudi, alimkuta mama ameinamia ramani. Alama ya kidole chenye udongo ilianzia Kasumbalesa, ikakatiza Zambia, ikapita Tunduma, ikapita Mpemba, ikafika Mlowo. Hapo ilizunguka. Ikazunguka. Karatasi ilikuwa imeanza kutoboka. Itaka haikuwamo kwenye ramani ile.

"Mwelekeze," Mama Enesi akanong'ona. "Nimemsubiri sana. Mwelekeze aje."

Mtunza nyaraka haandiki juu ya waraka, hata nukta. Elina alijua. Akachukua penseli, akachora barabara ya kutoka Mlowo, na mwisho wake akaandika: Itaka.

Asubuhi iliyofuata, kidole kilikuwa kimefuata penseli hadi mwisho. Kikatulia. Elina alilia kwa faraja, akampigia mama simu ampe habari. Iliita. Haikupokewa.

Zabron akaenda Itaka kwa pikipiki. Alikuta mlango wazi. Mezani kulikuwa na chai, bado ya moto, na vikombe viwili. Majirani walisema alfajiri walisikia lori likinguruma uani, kwenye kinjia ambacho hata baiskeli hupita kwa shida. Mama Enesi hakuonekana.

Zabron alipopiga simu kueleza, Elina alikuwa ameishika ramani. Kulikuwa na alama mpya. Zilitoka Itaka, zikarudi Mlowo, zikapita Tunduma, zikavuka mpaka, zikaendelea hadi ukingo wa karatasi.

Vidole viwili, sambamba. Kimoja kipana, udongo wake mkavu.

Cha pili chembamba. Udongo wake ulikuwa bado mbichi.